Kifuko Nyuma ya Kichwa cha Mbasa

Kisu cha Emiliana Mbele hakikuwahi kupasua nyongo. Hiyo ndiyo sifa aliyokuwa nayo mwaloni Lituhi, pale mitumbwi inaposhusha samaki, na ilimtosha. Kwa miaka thelathini na minane alikaa kwenye banda lile lile la bati, na wachuuzi waliokuja kuchukua mbasa wa kupeleka Mbinga walikubali kumsubiri yeye hata pale wanawake wengine walipokuwa wamekaa bure, visu vyao vikavu. Nyongo ikipasuka samaki mzima anakuwa mchungu, na mbasa si samaki wa kuchezea.

Ajabu ni kwamba hakuzaliwa na samaki. Alitoka milimani, Umatengo, kwenye kahawa na baridi, na mpaka anaolewa alikuwa hajawahi kushika samaki mbichi. Mumewe Wilfred, fundi wa mitumbwi, ndiye aliyemteremsha ziwani. Wiki za kwanza Emiliana alilia kila alipopewa samaki wa kutengeneza. Baadaye akaanza kutazama. Akaona kwamba kila samaki ana mpangilio wake wa ndani, kama nyumba ya mtu ilivyo na mpangilio wake, na ukishaujua huna haja ya kubahatisha. Mambo hayo hakuna aliyewahi kumuuliza. Alikuwa nayo tu, kama mtu anavyokuwa na nguo sandukuni ambayo hajapata shughuli ya kuivalia.

Watoto wake walikuwa wawili. Steven, wa kwanza, alioa Chiwanda na kuhamia huko. Alikuja kila Pasaka na mkewe na kelele za watoto. Aurelia, wa mwisho, alikuwa Bukoba, mwisho mwingine kabisa wa nchi, akitunza maabara ya sekondari moja. Ni safari ya siku tatu kwa basi. Wilfred alipozidiwa na kifua, miaka sita iliyopita, Aurelia alipanda basi kesho yake alfajiri. Basi likaharibika njiani, na alipofika Lituhi baba yake alikuwa na siku mbili kaburini. Alikaa siku nne. Alifua mablanketi yote ya nyumbani, hata yaliyokuwa safi, akaagana na watu, akaondoka. Hakurudi tena.

Simu alipiga, kila Jumapili baada ya misa. Afya, mvua, nani kafariki, nani kaoa. Dakika nne, tano. Emiliana hakuvua gauni lake la kanisani mpaka simu hiyo iishe, utadhani binti yake anamwona.

Sasa Alhamisi moja, saa nne asubuhi, simu yake ya kitochi ikalia akiwa na kisu mkononi.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Kuna nini?" Alhamisi haikuwa siku yao.

"Hamna tatizo, mama. Nataka kukuuliza kitu. Kambale ukimtoa majini anakaa muda mrefu bila kufa. Kwa nini?"

Emiliana akaketi vizuri. "Umenishtua bure! Kambale ana vitu viwili juu ya mashavu, huku kimoja na huku kimoja. Ukifunua unaviona vimechanua kama vimti vidogo, matawi mekundu. Samaki wengine hawana. Kwa vitu hivyo ndiyo anavuta hewa kama wewe na mimi."

"Kama vimti?"

"Vimti, ndiyo. Vyenye matawi. Kwani vipi?"

Upande wa pili kukawa na kicheko cha aibu ambacho Emiliana alikuwa hajakisikia tangu binti huyo akiwa shuleni. "Naandika hadithi, mama."

Ilikuwa hadithi ya kipande kwa kipande, aliyokuwa akiituma kwenye kundi la simu lenye watu mia kadhaa wa huku na huku. Ilihusu miaka ijayo, wakati ambapo watu wametengeneza watu wengine katika karakana kubwa kando ya ziwa. Siyo sanamu, Aurelia alieleza, wala siyo mashine za vyuma. Wana nyama. Wanapumua. Ukikutana nao njiani utawasalimia. Aliyekuwa akisimuliwa zaidi aliitwa Saba, kwa kuwa alikuwa wa saba kutengenezwa, na alitakiwa aweze kuishi majini na nchi kavu. Lakini wasomaji walikuwa wabishi. Walitaka kujua anapumuaje, anatoka jasho au hatoki, akijikata inakuwaje. Mmoja alikuwa ameandika kwamba kama mwandishi hajui kilichomo ndani ya mtu wake, basi na yeye asitegemee kuaminiwa.

"Anakula nini?" Emiliana akauliza.

"Hali. Ngozi yake inachukua nguvu kwenye jua."

"Hali kabisa?"

"Kabisa."

"Sasa akifika nyumbani kwa watu watamkaribisha kwa kitu gani?"

Wiki iliyofuata Saba alipata tumbo la kusaga ugali wa muhogo na dagaa wa usipa kama mtu yeyote.

Hayo Emiliana aliyajua kwa sababu ya Lidia, jirani yake, mwalimu mstaafu mwenye simu ya kisasa. Aurelia alimwingiza kwenye lile kundi, na ikawa kila kipande kikitoka, saa kumi jioni wanawake hao wawili wanakaa barazani, Lidia anavaa miwani, anasoma kwa sauti ile ile aliyowasomea darasa la nne kwa miaka ishirini na tano. Emiliana alisikiliza akiwa amefumba macho. Siku ambayo Lidia alisoma kwamba damu ya Saba ni ya kijani, aliyafumbua na kumpigia binti yake hapo hapo.

"Kwa nini kijani?"

"Ili watu wamjue kwamba si mwenzao."

"Watamjuaje bila kumkata kwanza? Iache iwe nyekundu, ila iwe ya baridi, kama ya samaki. Atakayemshika mkono atashtuka, lakini atakuwa ameshamshika."

Kisha akasikia kalamu ikikwaruza karatasi, huko Bukoba, na sauti hiyo ikamfurahisha kuliko habari zote za Jumapili za miaka sita.

Simu zikaongezeka. Jumanne, Alhamisi, wakati mwingine mara mbili kwa siku moja. Emiliana akaanza kuangalia tena vitu alivyokwisha kuvizoea: lile puto la hewa linalomwinua samaki, maini, mahali mayai yanapojishika. Alikwenda hadi kwa Urbani mchinjaji akaomba afunuliwe moyo wa mbuzi. Urbani alimfunulia, akasema kwa miaka yote aliyouza nyama hajawahi kupata mteja wa kutazama tu. Habari zikamfikia katekista Alphonce, naye akamsubiri mlangoni mwa kanisa.

"Mama Steven, nasikia siku hizi mnaumba watu kwenye simu."

"Hatuumbi, katekista. Tunaandika."

"Mtu asiye na roho?"

"Roho bado. Sasa hivi tuko kwenye maini."

Katekista alicheka kabla hajajizuia, na hakurudia tena kuuliza.

Kuna siku Aurelia aliuliza jambo ambalo Emiliana alilifikiria kwa muda mrefu baadaye. Wasomaji walitaka kujua kama watu wa karakana wanaweza kuzaa, na kama wanaweza, mtoto anakaa wapi, maana waliowatengeneza hawakuwawekea matumbo ya uzazi.

"Waweke mdomoni," Emiliana alisema. "Magege jike anabeba watoto wake mdomoni. Wiki nzima, mbili, hali kitu, asije akawameza. Nimewafungua samaki wengi wa hivyo. Unakuta mama amekonda kichwa kimebaki kikubwa, na mdomo umejaa watoto."

"Na wakishatoka?"

"Anawatema, wanacheza karibu. Wakiona hatari wanakimbilia mle mle mdomoni, naye anaufungua. Mpaka siku inafika hawarudi."

"Kwa nini hawarudi?"

"Wamekua. Hawaenei tena."

Alikuwa amelisema kama alivyolijua, bila nia yoyote. Lakini Aurelia akasema haraka kwamba ana kipindi cha maabara, akakata.

Kuanzia hapo Emiliana akawa mchoyo. Alikuwa ameona kwamba samaki, hata awe mkubwa vipi, ana viungo vya kuhesabika, na kwamba kila anachokisema hakisemeki tena. Akianza kueleza figo aliacha katikati. "Hiyo nyingine nitakwambia kesho, kuna mteja," alisema, na banda lilikuwa tupu. Hata hivyo ilipofika Machi, mvua zikiwa zimeujaza mto Ruhuhu mpaka ukingoni, alikuwa hana kipya. Simu zilikuwa zimepungua hadi moja kwa wiki. Nayo ilirudi kuwa ya Jumapili.

Ndipo Aurelia akauliza habari za mbasa. Alikumbuka kwamba wakati wa mvua mbasa wanaliacha ziwa na kupanda Ruhuhu kwenda kutaga kule walikozaliwa. "Wanaijuaje njia, mama? Wana nini ndani?"

Jibu la kweli Emiliana alikuwa nalo. Marehemu Wilfred, ambaye alizaliwa mdomoni mwa mto huo, alikuwa akisema wanajua tu. Hakuna mtu Lituhi aliyejua zaidi. Lakini "wanajua tu" ni neno la sekunde mbili, na baada yake Aurelia angesema haya mama, tutaongea.

"Kuna kifuko," Emiliana akasema.

"Kifuko?"

"Kidogo, kama punje ya mtama. Nyuma ya kichwa, pale uti unapoanzia. Ndani kuna maji. Ni yale ya mto aliozaliwa, anayo tangu yu mdogo." Alijisikia akiendelea, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo. "Mvua zikija maji ya mto yakiingia ziwani, kile kifuko kinajikaza. Kinamuuma. Anaacha kula. Anageuka upande ule kinapopungua kuuma, anakwenda, anakwenda, mpaka anafika."

"Mama!" Aurelia alipaza sauti. "Mbona hukuniambia siku zote?"

Walizungumza nusu saa siku hiyo. Alipiga tena kesho yake, na keshokutwa.

Kipande kilichotoka baada ya hapo Lidia alikisoma mara mbili. Saba alikuwa ametoroka karakana na kuishi mbali, kwenye mji wa juu milimani, amepata kazi, amepata na rafiki. Lakini nyuma ya kichwa, pale uti unapoanzia, alikuwa na kifuko chenye tone la maji ambamo mwili wake ulioteshwa kwanza. Upepo ukivuma kutoka ziwani kile kifuko kilijikaza. Ugali ulimshinda. Asubuhi moja akaacha mlango wazi na kuanza kutembea. Kundi zima lilichafuka. Watu waliandika kutoka Kigoma, kutoka Tanga, mwanamume mmoja akasema amelisoma akiwa kazini na ikambidi atoke nje. Lidia alivua miwani akaifuta, na haikuwa na vumbi.

Kesho yake Emiliana aliletewa mbasa wa kilo nne. Alimkata taratibu kuliko kawaida, akampasua nyuma ya kichwa pale ambapo hakuna anayepasua, akachokonoa kwa ncha ya kisu. Akajikuta anakitafuta.

Mambo yalichukua wiki tatu kuharibika. Kati ya wasomaji kulikuwa na bwana mmoja aliyesomea samaki, na huyo aliandika kwa heshima zote kwamba amefurahia hadithi, ila angependa kujua mwandishi alikopata habari za kifuko cha mbasa, kwa sababu hakipo. Aurelia alikuwa ameshawaambia watu wote kwamba ndani ya Saba hakuna kitu ambacho mama yake hakukiona kwa macho. Alipiga simu mchana.

"Mama, kile kifuko. Ulikiona wewe mwenyewe?"

Emiliana alitazama mikono yake. Magamba yalikuwa yamekauka juu yake.

"Mama?"

"Hakipo," akasema. "Nilikitunga."

"Umekitunga! Kwa nini?"

"Viungo vilikuwa vimeniishia, mwanangu. Nilitaka upige tena."

Alisikia Aurelia akivuta pumzi. Kisha simu ikakatika, na hakujua kama ni mtandao au ni yeye.

Jumapili hiyo simu haikulia. Ya pili vile vile, na ya tatu, na Emiliana alikaa na gauni lake la kanisani mpaka saa za kupika. Alitamani kupiga yeye, akachukua simu, akairudisha. Angesema nini? Lidia alimwambia kwamba hata kundini mwandishi amenyamaza, na watu wanauliza Saba amefika wapi.

Jumapili ya nne ikalia. Aurelia hata kumwamkia hakumwamkia.

"Nimekifuta," alisema.

"Umefuta nini?"

"Kifuko. Nimewaandikia watu kwamba nilikosea, Saba hana kitu kama hicho. Hana kinachomvuta wala kinachomuuma. Anarudi tu."

"Sasa anarudi kwa sababu gani?"

"Sijui, mama. Bado sijajua. Nimeandika anatembea." Daftari likasikika likifungwa. "Shule zikifunga Desemba nitakuja."

Emiliana aliitika kama mtu anayeambiwa bei ya sukari. Alipokata simu alitoka uani, akasimama, akarudi ndani, akasahau alichokuwa akikifuata.

Alikuja kweli, Desemba tarehe kumi na saba, na siku mbili za kwanza zilikuwa ngumu. Kwenye simu walikuwa wamezoea kusemezana bila kuonana, na sasa walikuwa meza moja, kila mmoja akimsogezea mwenzake bakuli. Emiliana aliona mvi mbili tatu juu ya sikio la binti yake. Aurelia aliona kwamba mama yake amekuwa mfupi. Waliongea habari za bati linalovuja. Aliyechangamsha nyumba ni Lidia, aliyeingia bila hodi na kuanza kugomba: "Mwandishi, Saba yuko njiani miezi minane sasa! Miguu haimuumi?"

Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, walikuwa wawili tu uani wakianika usipa kwenye chanja. Aurelia alikuwa akiwapanga mmoja mmoja, kwa unyoofu usio na haja. Akauliza bila kuinua uso:

"Baba aliniulizia?"

Emiliana akaacha alichokuwa akifanya.

"Mambo yote haya nimekuuliza," Aurelia alisema, "sijawahi kukuuliza hilo. Ndiyo maana nilikuwa siji. Niliogopa utaniambia."

"Alikuulizia," Emiliana alisema. "Tulimkalisha pale mlangoni na mito mgongoni, maana akilala hawezi kuvuta hewa. Kila baada ya muda alisema, wamefika wapi? Mimi nilikuwa nimeshaambiwa kwamba basi lenu limekufa Singida. Nikamwambia, wamepita Iringa. Baadaye akauliza tena, nikamwambia Makambako. Akasema hapo Makambako kuna baridi, sijui kama ana sweta."

Aurelia alikuwa ameshika usipa mmoja mkononi, hamweki.

"Asubuhi aliuliza mara ya mwisho. Nikamwambia wako Songea. Akasema, basi tayari. Akakaa anaangalia njia. Hakuwa na maumivu ya kupiga kelele, nisikudanganye. Alikuwa anachoka tu. Akachoka hivyo hivyo, macho njiani."

"Ulimdanganya."

"Nilimdanganya. Na ningemdanganya tena."

Aurelia alilia kwa sauti, pale pale chanjani, kilio alichokuwa amekipeleka hadi Bukoba na kukileta. Emiliana hakumnyamazisha. Alimshika mkono ulionuka samaki kwa mkono wake ulionuka samaki, akawatazama kuku wasije wakapanda juu ya usipa. Baadaye walikwenda makaburini wakapalilia, na Aurelia akamsimulia baba yake habari za basi lile, mji kwa mji, hadi Singida.

Aliondoka baada ya Mwaka Mpya. Emiliana alimsindikiza hadi stendi, akamfungia samaki wakavu kwenye gazeti na gazeti kwenye mfuko, akapunga mkono, akarudi nyumbani. Nyumba ilikuwa kubwa kuliko jana yake. Hakwenda mwaloni siku hiyo. Alikunja shuka alilolalia binti yake, akaliweka kitandani, akalikunjua tena akalitandika kama lilivyokuwa.

Saa za mchana simu ikalia.

"Mama, tumesimama Kitai."

"Kuna nini? Limeharibika?"

"Hapana. Wanapakia mizigo."

"Umesahau kitu?"

"Sijasahau. Nimepiga tu."

Emiliana alingoja swali. Halikuja. Akatafuta la kumwambia, akakosa, na akaona kwamba Aurelia naye hasemi na wala hakati. Akavuta kigoda, akakaa na simu sikioni. Alisikia mtu akitangaza ndizi mbivu, mwingine akigombana kuhusu kiti cha dirishani, binti yake akimjibu muuzaji kwamba hapana, asante kaka. Alikaa hivyo mpaka konda akapiga ubavu wa gari, muungurumo wa injini ukafunika yote, na simu ikakatika yenyewe.